Goti Lililosingiziwa

Kwa miezi minane mama huyu hakuwahi kuingia chooni bila kushika kamba. Ilikuwa kamba ya manila aliyoifunga mwenyewe kwenye boriti ya choo cha ploti, huko Obunga, Kisumu, ikaning'inia mbele ya uso wake. Akishuka anaishika, akiinuka anajivuta nayo. Siku moja aliiachilia ajaribu bahati, akaanguka kinyumenyume, mgongo ukagonga mabati, na jirani aliyekuwa akisubiri zamu nje akauliza ni nani anayebomoa choo.

Alinisimulia hayo akicheka. Kisha akanyamaza, akapandisha sketi kidogo juu ya goti la kushoto na kuliwekea kiganja. "Daktari, ni hili. Limeisha mafuta."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Lakini hapa kwetu yeyote mwenye koti jeupe anayekushika mguu ni daktari, nami niliacha kubishana zamani.

Ana miaka 52 na anauza mgongo wazi. Kwa asiyeijua Obunga: viwanda vya samaki vya Kisumu huchuna mnofu wa mbuta na kuusafirisha nje ya nchi. Kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mbavu zenye nyama kidogo, hununuliwa na akina mama wa mtaa, wakakikaanga kwenye karai kubwa na kuuza. Kuosha, kupanga kwenye sinia, kuchochea moto, kugeuza samaki: karibu kazi yote hufanyika chini ya usawa wa goti. Kwa miaka zaidi ya ishirini amefanya hayo akiwa amechuchumaa, wala hakuwahi kufikiri kwamba kuchuchumaa ni jambo mtu anaweza kulipoteza.

Mwanzoni mwa Machi 2024 boda boda iliyombeba iliteleza kwenye matope na kuulalia mguu wake wa kushoto. Ule mfupa mwembamba wa nje ya muundi ukavunjika karibu na kifundo. Haukuwa umehama, hivyo hakupasuliwa. Alifungwa plasta chini ya goti na kuambiwa arudi baada ya wiki sita. Katikati ya mwezi huohuo madaktari wakaanza mgomo uliodumu siku 56, hadi Mei 8. Plasta ikakaa wiki kumi. Sitaki kumlaumu mtu hapa, ila nataka hiyo hesabu ya wiki kumi ikae akilini mwa msomaji.

Ilipotolewa aliambiwa atembee, akatembea. Kuchechemea kukapungua, kisha kukaisha. Kuchuchumaa hakukurudi. Goti likaanza kumuuma kwa mbele akipanda ngazi, akapigwa eksirei ya goti, ikaonekana limechakaa kidogo, kama yalivyo magoti mengi ya umri wake. Hapo ndipo habari ya mafuta ilipoingia. Goti lina majimaji ya kulainisha, hilo ni kweli, lakini eksirei haiyaoni, wala hayaishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Kinachosomwa pale ni nafasi kati ya mifupa, ambayo hukadiria unene wa gegedu, na yake haikuwa mbaya. Hata hivyo alikuwa ameshanunua dawa za kuchua, ameshameza vidonge, na mtu alikuwa ameshamtajia sindano. Kifundo, palipovunjika, hakuna aliyekigusa tena.

Nilimwomba avue akala, asimame katikati ya chumba na kuchuchumaa awezavyo, nikiwa nimemwekea benchi nyuma. Goti la kulia likaenda mbele vizuri. La kushoto likaanza, likasita, kisha mambo matatu yakatokea karibu kwa pamoja: kisigino cha kushoto kikanyanyuka, unyayo ukajipinda nje huku upinde wake ukilala sakafuni, na kiwiliwili chote kikaegemea kulia. Kabla mapaja hayajafika usawa wa sakafu akaketi kwenye benchi kwa kishindo.

"Umeliona goti?" akauliza.

Nilikuwa nimekiona kisigino.

Nikamlaza chali kitandani na kusukuma goti la kushoto kifuani. Paja likagusa tumbo, kisigino kikakaribia kalio. La kulia likafanya vivyo hivyo. Mtu anayechuchumaa mpaka chini anahitaji goti likunjike digrii 130 na zaidi, na nyonga zikaribie 120. Kitandani vyote viwili vilifika, kwa malalamiko madogo tu mbele ya goti mwisho kabisa. Kama kiungo cha goti ndicho kilichokwama, kingekwama hata akilala. Kipimo hiki hakihitaji mashine na huchukua dakika moja, na nashangaa ni mara ngapi watu hufika kwangu na bahasha ya picha bila mtu kuwahi kuwalaza na kuwakunja.

Kikabaki kifundo. Unaweza kukipima kwenye ukuta wowote: kidole gumba cha mguu kielekee ukutani, kisigino kisiondoke sakafuni, goti lisogezwe hadi liguse ukuta. Likigusa, rudisha mguu nyuma kidogo, jaribu tena. Umbali wa mwisho kati ya kidole na ukuta, goti likiwa bado linagusa, ndio jibu. Kulia alipata sentimita 11, ambayo ni nzuri. Kushoto, 4. Kila sentimita ni kama digrii tatu na nusu za kifundo, kwa hiyo pengo lile la saba lilikuwa digrii 25 hivi.

Nikamwuliza panambana wapi. Kama tatizo ni misuli ya tafu pekee, mtu huonyesha nyuma ya mguu. Yeye akaweka kidole mbele, palepale penye mkunjo. "Hapa. Ni kama mlango uliowekewa jiwe." Sijapata maelezo bora zaidi kutoka kitabu chochote. Muundi unapoinama mbele, mfupa ulio chini yake, ule unaokaa juu ya kisigino, hutakiwa kuteleza nyuma kidogo ili kuupisha. Baada ya wiki kumi ndani ya plasta utando unaozunguka kiungo hukakamaa, mfupa hautelezi, na mbele pakabana. Tafu lake nalo lilikuwa limekaza, lakini hata nilipomkunja goti ili kulegeza msuli mkubwa wa nyuma, kifundo kilizidi kidogo tu. Jiwe lilikuwa mlangoni kweli.

Sasa kwa nini kifundo kimwangushe mtu chali? Mwili ukishuka, makalio huenda nyuma. Lazima kitu kiende mbele kulipia, la sivyo uzito huvuka kisigino. Kinacholipia ni muundi: ukiinama, hubeba goti, na goti huvuta paja na kiwiliwili kizima kuja mbele. Muundi ukibaki wima kama nguzo ya stima, zimebaki njia tatu, nazo ni kuinamisha mgongo mpaka pua ikaribie magoti, kunyanyua kisigino, au kushika kamba. Mama alikuwa amezijaribu zote. (Si watu wote wanaohitaji kifundo sawa. Mwenye mapaja marefu na kiwiliwili kifupi huhitaji muundi uiname zaidi kuliko mwenzake, hata kama wote ni wazima. Na wachunguzi wa mifupa ya kale hutambua jamii zilizochuchumaa sana kwa vibapa vidogo vinavyojitengeneza mbele ya kifundo, pale mifupa miwili inapokutana mara kwa mara. Mwili huandika kazi yake.)

Nikampa mtungi wa lita tano uliojaa maji, aushike kwa mikono iliyonyooshwa mbele. Akashuka zaidi, bila kuyumba, kwa sababu mtungi ulifanya kazi ambayo muundi uliikataa. Goti lilikuwa lilelile, mafuta yaleyale. Kisha nikaweka ubao wa unene wa sentimita tatu chini ya visigino vyake, ili kifundo kisidaiwe sana, na mama akashuka hadi chini kabisa, mapaja yakalalia tafu, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Akapiga kigelegele kifupi. Mimi nami kwa furaha nikampa mkono nikamwinua.

Mkono ule ndio kosa langu katika kisa hiki.

Kwa wiki tatu nilishughulika na kifundo peke yake. Kila Alhamisi nilikizungushia mkanda, nikausukuma ule mfupa nyuma kwa kiganja huku yeye akiinamisha goti mbele, mara kumi, kupumzika, mara kumi tena. Nyumbani alikuwa na kazi mbili: kuegemea ukuta goti likiwa limekunjwa ili tafu la ndani livutike, na kusukuma goti mbele, mguu ukiwa juu ya kigoda. Alifanya asubuhi kabla ya kwenda kununua samaki na jioni akisubiri mafuta yapate moto. Wiki ya tatu ukuta ukasema sentimita 6 na nusu. Niliandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri sana.

Wiki ya nne alikuja amenuna. Hakuketi.

"Kijana wangu, sasa nafika chini. Kutoka ndio hakuna."

Nilipokuwa daktari hakuwa amewahi kuniita kijana wake, kwa hiyo nilijua nimeshushwa cheo. Jioni iliyotangulia alikuwa ameiacha kamba makusudi, akashuka polepole, visigino chini, akajipongeza. Alipotaka kuinuka mwili ukakataa. Alikaa huko chini mpaka akamwita bintiye kwa simu, naye binti alikuwa ndani ya nyumba, hatua kumi na tano tu.

Nikamwambia achuchumae mbele yangu. Akashuka. Mkono wangu ukaanza kunyooka wenyewe, na hapo ndipo nilipokumbuka ile siku ya kwanza. Nilikuwa nimempima kushuka. Kuinuka nilimfanyia mimi.

Tukaanza upya, safari hii kwa nguvu. Kuinuka na kuketi kwenye kiti cha kawaida, mikono imekunjwa kifuani, kwa sekunde 30: mara 8. Kipimo hiki hutumiwa zaidi kwa wazee, na mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha 12 huhesabiwa kuwa amepungua nguvu. Huyu ana 52. Kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja, vidole viwili tu vikigusa ukuta: kulia mara 17, kushoto mara 4, ya nne ikiwa ya kuonewa huruma. Paja la kushoto lilikuwa jembamba kwa sentimita mbili na nusu. Kisha nikaleta mizani mbili za kupimia uzito, nikamsimamisha kila mguu juu ya mzani wake, akunje magoti nusu na kutulia. Kulia kilo 49, kushoto 25. Akachungulia namba zile, akazijumlisha kwa haraka ya mtu anayeuza kwa mizani kila siku, akasema, "Kwa hiyo huu mwingine napanda nao bure, kama turnboi."

Alikuwa sahihi. Wiki kumi za plasta zilidhoofisha paja, na miezi minane ya kamba ikamfundisha kutolihitaji. Kila mara alipoinuka, mguu wa kulia na mikono vilifanya kazi. Hata yale maumivu ya mbele ya goti yakaanza kueleweka, kwani msuli wa paja ndio unaoitawala pia ya goti, na paja lililopoteza nguvu hulipa ngazi kwa maumivu.

Kuna jambo watu hulisahau kuhusu kule chini. Nguvu ya kuinuka kitini si nguvu ya kutoka kwenye kuchuchumaa. Sehemu ngumu zaidi huja unapotoka chini na paja likakaribia usawa wa sakafu, kwa sababu hapo goti na nyonga zote zimesogea mbali na mstari wa uzito. Anayebeba pale ni msuli wa mbele ya paja, kalio, na ule msuli mpana wa ndani ya paja ambao hakuna anayeutaja. Tafu nalo lina zamu yake, maana ndilo linalouzuia muundi usikimbie mbele. Na msuli hupata nguvu zaidi katika kona ile unayoufanyisha kazi. Ukizoeza nusu ya njia, unapata nusu ya njia. Mama alikuwa amepata digrii mpya za kifundo, na ndani ya digrii hizo hakuwa amewahi kubeba hata kilo moja bila msaada.

Mpango mpya ulikuwa wa vimo. Kwanza kiti, sentimita 45. Kisha benchi la 35. Kisha kigoda chake cha kukaangia, 20. Mguu wa kulia ukitangulia kidogo mbele, ili wa kushoto usipate pa kujificha. Kushuka kwa hesabu ya nne, kugusa bila kujitupa, kuinuka. Mara nane, raundi tatu, siku tatu kwa wiki, na hapandishwi darasa mpaka ile ya nane itoke safi. Siku hizohizo kunyanyua visigino kwenye kizingiti cha mlango, mguu wa kushoto peke yake, mpaka uchoke. Mwisho, kushika mhimili wa mlango kwa mikono miwili, kushuka chini kabisa, kukaa sekunde 20 huku akihamisha uzito kushoto, kisha kuinuka akiutumia mhimili kidogo iwezekanavyo. Ubao wa visigino tuliurudisha kwa muda, bila aibu, kwa sababu ulimruhusu kuzoeza nguvu ya chini wakati kifundo bado kinanyang'anyana na lile jiwe. Habari za protini sikumfundisha muuza samaki.

Mwenzangu kazini aliona anavyoshushwa akanivuta pembeni: si hatari kwa goti la umri huo? Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1961 Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas aliandika kwamba kuchuchumaa mpaka chini na uzito hulegeza kano za goti, na makocha wengi wakaacha. Wachunguzi waliomfuata hawakuupata ulegevu huo, na chini kabisa paja na tafu vikikutana hubeba sehemu ya mzigo ambao goti lingeubeba peke yake. Lakini mwenzangu hakuwa mjinga. Uchunguzi uliofanywa Beijing na kuchapishwa 2004 ulionyesha kwamba wazee waliokuwa wakichuchumaa kwa saa nyingi kila siku ujanani walikuwa na ugonjwa wa kuchakaa kwa goti zaidi ya wenzao. Kushuka na kuinuka mara ishirini na nne ni kitu kimoja. Kukaa vile asubuhi yote mbele ya karai ni kingine.

Ndiyo maana kwenye kukaanga nilisimama upande wa kigoda, na tukagombana kidogo. Aliona kigoda ni cha wagonjwa. Nikamwambia achuchumae chooni, achuchumae akiokota, achuchumae kanisani akitaka, lakini moto na karai avikalie. Alikubali baada ya kugundua kwamba kwenye kigoda mapaja yake yanakuwa mbali zaidi na mafuta yanayoruka.

Wiki ya saba alikosa, akafiwa, matanga yakachukua siku kumi. Alirudi akiwa amepoteza kidogo sana, labda kwa sababu matangani aliketi chini na kuinuka mara zisizohesabika. Wiki ya kumi aligusa kigoda. Wiki ya kumi na mbili tukaondoa ubao.

Wiki ya kumi na nne nilipima kila kitu tena. Ukuta, kushoto: sentimita 8. Sidhani itafika 11. Mwisho wake sasa ni mgumu kama mfupa kwa mfupa, na sikuona sababu ya kumtesa kwa ajili ya namba. Kiti, sekunde 30: mara 13. Kisigino cha kushoto: mara 12. Mizani: 39 kulia, 35 kushoto. Anachuchumaa visigino vyote vikiwa chini, mguu wa kushoto ukielekea nje kidogo kuliko wa kulia, na huo ndio ujanja halali wa kifundo kilichobakisha pengo. Anakaa nusu dakika. Anainuka mwenyewe, na mikono yangu niliifunga nyuma ya mgongo kama askari. Asubuhi za baridi kifundo bado humsumbua kwa hatua chache za kwanza. Goti humuuma akishuka mteremko akiwa na mzigo, si ngazi tena.

Kamba aliifungua jioni hiyohiyo, akaikunja na kuitia chini ya kitanda. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mlango wake ukagongwa. Alikuwa nyanya wa chumba cha mwisho, mkononi tochi, akitaka kujua ni mwizi gani ameiba kamba ya choo. Kumbe ameitumia tangu siku ilipofungwa. Mama akaenda kuifunga tena kwenye boriti, akaishusha kidogo maana nyanya ni mfupi, na Alhamisi iliyofuata akaja naye.